Bei ya Masizi

Mpangaji wangu alihama Jumamosi moja ya mwezi Juni. Jumapili yake nikaenda Mbagala na fundi kuangalia nyumba. Nyumba yenyewe aliijenga mama yangu kidogo kidogo, leo tofali, mwezi ujao saruji, kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofariki, mimi na kaka yangu tulikubaliana tusiiuze, tuipangishe. Kaka anaishi Mwanza, mimi niko hapa hapa Dar es Salaam, basi kazi ya kuwa mwenye nyumba ikaniangukia mimi.

Fundi alizunguka chumba hadi chumba, penseli sikioni, akiguna. Alipomaliza aliniandikia nyuma ya boksi la sigara. Sinki la choo limepasuka, kubadilisha pamoja na ufundi, shilingi 120,000. Kitasa cha mlango wa jikoni kimevunjwa, 35,000. Korido nzima imekuwa nyeusi kwa masizi na mafuta, kupaka rangi upya, 95,000. Dari ya chumba kikubwa imeoza na kipande kimeanguka, 160,000. Jumla 410,000.

Sasa, mjini kwetu wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Huyu alilipa miezi sita, 150,000 kwa mwezi, akakaa minne, halafu akaitwa kwao Lindi kumuuguza mama yake. Aliniaga mwezi mzima kabla, na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia nitamrudishia kodi ya miezi miwili iliyobaki. Kwa hiyo pale nilipokuwa nimesimama koridoni na lile boksi la sigara, nilikuwa na shilingi 300,000 za mtu mwingine kwenye simu yangu.

Nilimpigia kaka. Hakuchukua hata dakika. "Usirudishe hata mia. Na hiyo 110,000 iliyozidi mdai kupitia serikali ya mtaa. Unadhani ingekuwa yeye angekuonea huruma?"

Nilikubaliana naye. Nakiri hapa mapema, ili msomaji asidhani naandika kama mtu mwema. Nilikubaliana naye kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikutokana na kitu chochote kilichoandikwa kwenye lile boksi.

Mbele ya nyumba, upande wa kulia wa baraza, mama alipanda mwasumini. Aliumwagilia maji ya kuoshea mchele, na jioni ulikuwa ukinukia hadi kwa jirani. Nilipofika Jumapili ile nilikuta kisiki. Pembeni yake palikuwa na mawe matatu na majivu. Mpangaji wangu alikuwa akiuza chapati, mtaa mzima wakimwita Mama Chapati, na mwasumini ulikuwa umeziba sehemu nzuri ya kuweka meko. Akaukata. Wakati wa mvua alihamishia meko ndani koridoni, ndiyo maana ya yale masizi.

Fundi hakuuandika mwasumini. Ungeandikwa shilingi ngapi?

Siku tatu sikulala vizuri. Mimi ni mwandishi wa habari, na nimewahi kuandika habari za wapangaji waliotolewa vyombo nje. Katika habari hizo mwenye nyumba huwa hana jina wala uso, huwa ni mtu wa kulaumiwa tu. Sisi Watanzania tuna historia na mtu huyu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Mama yangu alifundisha somo la Siasa, na neno "mnyonyaji" nimekua nalikuta kwenye madaftari yake. Leo mwanawe anapokea kodi kutoka kwenye tofali zake, na anatafuta sababu ya kubaki na pesa za muuza chapati.

Lakini sikutaka pia kujidanganya kwa upande wa pili, kwamba kwa kuwa yeye ni maskini kuliko mimi basi hawezi kunikosea. Huko nako ni kumdharau. Mtu mzima aliyevunja kitasa amevunja kitasa. Kumwambia "acha tu" kwa kila kitu ni kumfanya mtoto, na mara nyingi tunasema "acha tu" ili tujisikie vizuri wenyewe.

Basi nikaamua kuchukua orodha ya fundi na kuuliza kila mstari swali moja: hiki kilichoharibika, nani amekiharibu?

Swali linaonekana jepesi. Siyo jepesi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini inamwondolea mzigo wa uchakavu wa kawaida. Ni tofauti ambayo kila mwenye nyumba anaijua akiwa ametulia na anaisahau akiwa amekasirika. Sakafu inayopauka kwa kupigwa deki haijaharibiwa na mtu. Bawaba inayolegea baada ya miaka kumi ya kufungua na kufunga haijavunjwa. Kile kilichopungua hapo nilishalipwa. Kodi ni nini kama siyo malipo ya nyumba kuliwa kidogo kidogo na maisha ya mtu mwingine? Huwezi kupokea pesa ili mtu aishi, halafu ukamdai kwa sababu aliishi.

Nikaanza na dari, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na bei kubwa. Nilifungua simu nikatafuta ujumbe wake wa mwezi Machi, masika yalipoanza. "Dada, bati linavuja chumba kikubwa, nimeweka ndoo." Nilikuwa nimemjibu, "Pole, natuma fundi wiki hii." Wiki hiyo nilikuwa safarini kikazi. Wiki iliyofuata nilisahau. Aprili alinikumbusha mara mbili. Fundi nilimpeleka Juni, naye alikwenda kuhesabu hasara.

Tunapenda kuambizana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni na sikuwahi kugundua kwamba haisemi ni nani anayetakiwa kuziba. Mpangaji aliuona ufa, akausema, akakinga ndoo. Mwenye bati nilikuwa mimi. Laki na sitini ya dari ikatoka kwenye orodha yake ikaja kwenye yangu, na nilipoifuta niliona aibu, maana ndiyo niliyoitaja kwa sauti kubwa zaidi nilipokuwa naongea na kaka.

Jioni hiyo nilikumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Jina hilo peke yake ni hoja: Shakespeare aliandika kuhusu mfanyabiashara mmoja wa Venisi, Mwalimu akawaona mabepari, tena wengi. Shuleni tulifundishwa kumcheka Shylock anayedai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa sababu mkataba unasema hivyo. Nilipoisoma tena mwaka huu sikucheka. Shylock ana kinyongo cha kweli. Ametemewa mate, ameitwa mbwa, binti yake ametoroka na mali yake. Na anajua vizuri kwamba ile nyama haimfai kitu, haiuziki wala hailiki. Anapopewa pesa mara mbili ya deni lake anakataa. Anataka mkataba ubebe uchungu ambao haukuandikwa ndani yake.

Nilijiona pale. Nilitaka kitasa, sinki na dari vinilipe mwasumini. Kila nilipoongeza elfu kumi kwenye hesabu ya masizi, nilikuwa nalipiza kisiki. Na mwasumini ule, nikisema kweli, tangu mama afariki sikuwahi kuumwagilia hata kopo moja. Sikumwambia mpangaji kwamba una maana yoyote. Kwake kilikuwa kichaka barazani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mwasumini lilikuwa kichwani mwangu tu.

Hapo ndipo nilipopata kipimo nilichokitafuta siku zote tatu. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kile kitakachoirudisha nyumba ilivyokuwa, kwa kiasi ambacho mpangaji ameiharibu. Kinachozidi hapo, hata mkataba ukikiruhusu, ni nyama ya Antonio. Majonzi yangu ni ya kweli, ila hayana mpangaji wa kuyalipa.

Nikakaa tena na boksi la sigara.

Kitasa: mwenyewe alikiri kwamba alipoteza ufunguo, akaita kijana akaupiga mlango teke. 35,000, yote yake.

Sinki la choo: mwanawe aliangusha jiwe la kuzuia mlango. Ni uharibifu, sina ubishi. Lakini sinki lile liliwekwa mimi nikiwa sekondari, na ninaloweka sasa ni jipya. Nikimtoza bei nzima atakuwa amenizawadia sinki. Nikagawa nusu, 60,000.

Korido ndiyo iliyonitoa jasho. Mkataba ulisema nyumba ni ya makazi. Meko ya biashara koridoni siyo makazi. Ila nilijua. Mara mbili nilipopita kukagua mita ya maji nilikaa barazani nikala chapati zake na chai ya rangi, akakataa pesa yangu, sikusema neno. Na rangi ya ukuta ule ilikuwa ya miaka saba, ingepakwa upya hata angekaa mtawa. Nikaamua rangi ni juu yangu, ila kusugua masizi na mafuta kabla ya kupaka, 25,000, ni juu yake.

Jumla 120,000. Nilitakiwa kumrudishia 180,000.

Kaka alipoona hesabu alicheka. Alisema nimefanya kazi ya hakimu kwa mshahara wa mshtakiwa. Lakini hakubisha, na nusu ya gharama ya dari alinitumia.

Nilimpigia mpangaji Lindi. Nilimsomea mstari kwa mstari, maana niliona kumtumia pesa pungufu bila maelezo ni wizi wa kistaarabu. Alisikiliza kimya. Kwenye kitasa akasema sawa. Kwenye sinki akasema sawa, na akamwombea msamaha mwanawe. Nilipofika kwenye masizi akanikatiza, kwa upole kabisa.

"Mdogo wangu, na ile kodi uliyokuwa unapokea, ulidhani inatoka wapi? Inatoka kwenye huo moshi."

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu mkataba. Akasema, "Haya, mwenye nyumba ni wewe," tukaulizana hali ya mama yake, nikamtumia 180,000, akanijibu kwamba imefika na ahsante.

Nimebaki na 25,000 ya masizi hadi leo. Kwa kipimo changu mwenyewe ni halali: masizi yalikuwepo, kijana aliyeyasugua alilipwa. Lakini kila nikilikumbuka lile swali naona hesabu yangu ilianzia pale moshi ulipogusa ukuta, wakati moshi wenyewe ulianza mapema zaidi, kwenye unga, kwenye mkaa, na kwenye ile 900,000 niliyoipokea kwa furaha bila kuuliza imepikwa wapi.

Mpangaji mpya ameingia Agosti. Tulizunguka naye vyumba vyote tukipiga picha, tukaandika kila ufa, kila mmoja akabaki na nakala yake. Mkataba unasema nani anaziba bati na ndani ya siku ngapi. Nilimwuliza anafanya kazi gani, akasema ana cherehani mbili na angependa kushonea barazani. Nikamwambia ashone.

Kisiki cha mwasumini kimechipua upande mmoja. Hicho nimemwonyesha siku ya kwanza, na nikamweleza ni cha nani.