Kabla ya Kubwaga Mzigo

Waandishi wa programu wana kazi moja wanayoiona kama kufagia uwanja: kusafisha impoti. Mwanzoni mwa faili, programu hutaja vitu inavyoazima kutoka mafaili mengine. Mradi ukifikia maelfu ya mafaili, orodha hizo huwa vurugu tupu: jina hili limerudiwa, lile halitumiki, na aliyeliweka alishaacha kazi. Basi unaambiwa, "Futa yote yasiyotumika." Ni usafi tu huo? Mimi naona kuna suala la haki ndani yake.

Ukiwa Tabora, fikra hukupeleka kwenye misafara. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, ikapanga mizigo upya na kutafuta wapagazi wengine. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, kama kilo 30 hivi: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Na shanga zilikuwa na kwao. Zilizopendwa huku zilikataliwa kule. Sofi, kwa mfano, zilikuwa fedha ya soko la Ujiji. Mtu asiyeijua njia angeziona Tabora, akasema hazina kazi, akazibwaga. Njaa ingemngoja ziwani.

Programu nayo ndivyo ilivyo. Kwenye Python, faili likiingizwa mara ya kwanza huendeshwa. Laweza kusajili kitu au kuandaa mazingira, hata kama jina lake halitajwi tena huko chini. Chombo cha ukaguzi kitasema halina kazi. Ulifute, na huenda mfumo ukaanguka mbali kabisa na pale ulipofagia.

Sasa, tuache kila kitu kwa hofu? Hapana jamani. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima. Mpagazi hakuandika orodha ya mizigo, ila bega lilikuwa lake. Kijana atakayerithi mradi naye atapoteza siku nzima akitafuta maana ya mstari usio na maana. Kumbebesha mtu kitu ambacho wewe mwenyewe huna sababu nacho ni dhuluma, hata kama ni ndogo.

Kwa hiyo naona wajibu ni kuuliza kwanza: mzigo huu unakwenda wapi? Ukipata jibu, liandike pembeni ya mstari. Usipolipata, futa mmoja, jaribu mfumo, ndipo uguse wa pili. Hiyo inachosha kuliko kufagia yote kwa mkupuo, lakini ni heri achoke anayepanga kuliko anayebeba.