Je, Picha ya Kutisha Yamfaa Mtoto?

Wazazi wengi hutuuliza sisi walimu kama picha za sinema za kutisha zawafaa watoto. Wako wanaozikataza zote, na wako wanaoziruhusu zote wakisema ni mchezo tu. Twaona kuwa wote wamehukumu kabla ya kupima.

Kwanza, hofu si ngeni kwetu. Bibi zetu walitusimulia habari za zimwi usiku penye moto, nasi tukatetemeka. Lakini mwishoni zimwi lilishindwa, na tuliposhtuka mkono wa bibi ulikuwa karibu. Basi si kila hofu ni sumu.

Pili, tuitazame picha moja mashuhuri, Frankenstein, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1931, ambayo asili yake ni kitabu cha Mary Shelley kilichochapwa mwaka 1818. Mtaalamu mmoja aunda kiumbe kwa viungo vya maiti, kisha amwacha. Kiumbe yule akutana na binti mdogo kando ya ziwa. Binti hamwogopi, ampa maua, nao wayatupa majini pamoja wakiyatazama yakielea. Maua yakiisha, kiumbe amtupa binti mwenyewe, akidhani naye ataelea. Naye afa maji.

Wakaguzi wa majimbo kadhaa ya Marekani walikikata kipande hicho. Matokeo yakawa kinyume cha nia yao. Watu walimwona kiumbe akinyosha mikono kumshika mtoto, kisha wakamwona baba akiichukua maiti ya mwanawe. Lililotukia katikati wakalibuni wenyewe, na rahisi kubuni ovu kuliko lililokuwako. Mkasi uliondoa huruma, ukaacha hofu. Miaka mingi baadaye kipande kile kilirudishwa.

Wakaguzi wa Uingereza walishika njia nyingine mwaka 1938, walipoletewa Snow White, picha ya kuchorwa yenye mchawi wa kutisha. Hawakuikataza, bali waliagiza mtoto wa chini ya miaka 16 aingie pamoja na mtu mzima. Yaani waliweka mkubwa kando ya mdogo, kama bibi penye moto.

Siku hizi picha huingia nyumbani kwa simu, wala hakuna bawabu mlangoni. Wanafunzi wetu wawili walitazama picha moja ya mauaji. Mmoja alilia, akakosa usingizi. Wa pili alicheka, akatamani auawe na mwingine. Wazazi walituletea yule aliyelia, nasi tukamshughulikia yeye peke yake. Twakiri kuwa tulikosea. Aliyelia moyo wake ulikuwa hai. Aliyecheka ndiye aliyehitaji zaidi kuketishwa na kuulizwa.

Basi, mzazi, itazame picha wewe kwanza. Usiulize tu, “Je, yatisha?” Uliza pia: Je, yamfundisha mtoto kumhurumia anayeteswa, au kuyafurahia mateso? Je, akili yake yaweza kutenga hadithi na kweli? Na taa ikizimwa, nani atakuwa karibu naye? Ikiwa ni mdogo mno, angoje. Ikiwa hakuna wa kuketi naye, mkatalie bila haya. Na ukiketi naye, usiondoke picha ikiisha, maana hapo ndipo maswali yake yaanzapo, na majibu yako ndiyo atakayolala nayo.