Usiichomeke Kwanza

Mwanangu, redio ile ya babu yako usiichomeke kwenye umeme. Najua unavyotamani. Umeipangusa vumbi, umeona kioo chake kimeandikwa majina ya miji, Brussels, Paris, Hilversum, na Leopoldville ilipokuwa bado haijaitwa Kinshasa, na mkono unakuwasha kuzungusha kitufe. Ngoja. Redio nyingi za valvu hazikufa siku wenyewe walipoziweka kando. Zilikufa miaka mingi baadaye, mikononi mwa kijana aliyezipenda, akataka kusikia sauti siku ileile.

Sababu ni kapasita. Ndani ya redio ya umri ule zipo za namna mbili zinazozeeka vibaya. Kuna zile kubwa kama kopo, zinazosafisha umeme unaotoka kwenye valvu ya kunyoosha mkondo. Hizo zina majimaji ndani, na yakikauka hazisafishi tena kitu. Kuna na ndogo za karatasi zilizochovywa kwenye nta. Hapa kwetu ziwani hewa ni ya unyevu, na karatasi hunywa unyevu huo polepole mpaka inaanza kupitisha umeme ambao kazi yake ilikuwa kuuzuia. Ukichomeka ghafla, umeme unapita pasipotakiwa, transfoma inapata moto, na kabla hujanusa harufu ya kuungua kitu kisicho na spea kimeshakwenda.

Katika hizo ndogo, kuna moja uitafute kabla ya zote. Imekaa kati ya valvu inayokuza sauti mwanzo na ile ya mwisho inayosukuma spika. Ikivuja, valvu ya mwisho inafunguka mno, inapitisha mkondo kupita kiasi, bati lililo ndani yake linaiva likawa jekundu, na transfoma ya spika inakatika. Kapasita hiyo ni ya bei ndogo kuliko kilo ya samaki wadogo wa chisense. Ibadilishe hata kama mita inasema ni nzima, kwa sababu mita ya kawaida hupima kwa volti chache, na kapasita yenyewe huvuja inapobebeshwa volti zake halisi. Weka yenye mikrofaradi zilezile, na volti zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani. Zikizidi hakuna ubaya.

Kabla ya kulehemu chochote, chomoa valvu moja moja, kwa kushika kitako chake na si kioo, na uandike kwenye daftari ipi ilikaa tundu gani. Kisha soma herufi ya kwanza ya jina lake. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na utaratibu mzuri. D ni ya redio za betri, uzi wake unataka volti 1.4 tu. E ni ya volti 6.3, na redio yake kwa kawaida ina transfoma ya umeme. Ukikuta U, simama hapo hapo. Maana yake nyuzi za valvu zote zimeungwa kwa mfululizo, na mara nyingi redio hiyo haina transfoma ya umeme kabisa. Chasisi yake ya bati imeungana moja kwa moja na waya mmojawapo wa ukutani. Plagi ikiingia upande usiofaa, bati lote lina volti 230, na kinachokukinga ni vitufe vya plastiki na ubao wa nyuma, basi. Redio kama hiyo usiifungue ikiwa imechomekwa, na usithubutu kuiunganisha na simu yako kwa waya. Nakuomba hili kuliko yote niliyoandika hapa.

Tazama pia doa la fedha lililo ndani ya kioo cha kila valvu, juu au ubavuni. Likiwa linang'aa, utupu bado upo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Valvu bado zinauzwa, nyingi zikiwa akiba za zamani ambazo hazikuwahi kutumika, kwa hiyo moja ikifa usikate tamaa ukavunja redio nzima.

Siku ya kuwasha, tafuta balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100, ile ya kizamani inayochoma mkono, iwekwe kwenye holda na iungwe kwa mfululizo na waya unaoleta umeme kwenye redio. Balbu za siku hizi za LED hazifai kwa kazi hii. Nyuma ya redio kuna swichi au kitufe cha kuchagua volti: 110, 125, 220, pengine 245. Umeme wetu Zambia ni 230, na usiku hupanda, basi weka kwenye namba ya juu kabisa iliyopo. Washa. Balbu ikiwaka kidogo, ikapungua, halafu ikapanda taratibu valvu zinapopata joto, endelea kutazama. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, zima, kuna shoti mahali. Redio itakuwa salama, kwa maana balbu imeumeza ule mkondo. Ukimaliza, kumbuka kopo kubwa linaweza kushika zaidi ya volti 200 hata plagi ikiwa mezani. Limwage kwa rezista, pima kwa mita, ndipo uingize mkono. Unapopima redio ikiwa inawaka, mkono mmoja ukae mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani.

Mwaka 2024 bwawa la umeme la Kariba lilipopungukiwa maji kwa ukame, tulikaa gizani saa nyingi za siku, na umeme ulikuwa ukirudi kwa kishindo. Mgao ukianza tena, chomoa plagi. Usitegemee swichi.

Nikuambie kwa nini nasumbuka hivi. Kituo cha Lusaka kilianza mwaka 1941, wakati wa vita, kikawasemesha watu kwa Kibemba na lugha nyingine za nchi hii, lakini karibu hakuna Mwafrika aliyekuwa na chombo cha kusikilizia. Harry Franklin, aliyeongoza idara ya habari, alihangaika na viwanda vya Uingereza mpaka Ever Ready wakakubali, na mwaka 1949 ikaja redio ndogo ya mviringo ya buluu, umbo lake la sufuria. Valvu nne, betri kavu, masafa mafupi, pauni 5. Betri iliuzwa kando na ilidumu karibu saa 300. Kwa redio hizo watu walimsikia Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki, aliyekuja kuuawa mwaka 1978 wakati majeshi ya Rhodesia yaliposhambulia Mkushi. Sauti iliyomfikia mvuvi wa Kashikishi, hapa ziwani, ilipita ndani ya kioo kama hicho ulichokishika.

Lakini redio ya kabati ilikuwa kitu cha watu wachache. Ya babu yako ilitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasenga, ambako Wagiriki walikuwa na biashara ya samaki waliopelekwa migodini Katanga, na ilitumia jenereta. Ilivushwa kwa mtumbwi, imefunikwa blanketi. Mkwaruzo mrefu ulio ubavuni ni wa safari hiyo, kwa hiyo usiusugue kwa msasa. Kabati lipake nta ya nyuki kwa kitambaa laini, angalia mchwa miguuni, na panya kama wamekula kitambaa cha spika tafuta kinachofanana nacho. Kioo cha majina usikioshe kwa maji wala spiriti upande wa ndani. Maandishi yamepakwa hapo, na yakifutika hayarudi.

Kuna watakaokushauri utoe mashine yote, ubaki na kabati, uweke spika ya bluetooth ndani. Watasema redio hii haina FM, na vituo vikubwa vya masafa mafupi vimepungua sana. Ni kweli yote mawili. Lakini usiku, baada ya saa mbili, masafa mafupi bado yana watu. Utapata wahubiri, utapata Wachina, utapata miziki usiyoijua inayopanda na kushuka kama wimbi. Na kama valvu zako ni za E, transfoma ipo, na nyuma kuna matundu mawili ya gramafoni, tutaunganisha simu yako hapo kwa usalama, usikilize unachotaka kwa spika ile ile aliyoisikiliza babu. Tumepata yote bila kung'oa kitu.

Wanunuzi wa vitu vya kale nao watakuja, hasa wakisikia inaimba. Wakuulize bei, waambie ni ya familia, na jina la babu liandikwe kwa penseli ndani ya ubao wa nyuma wakiwa hawajaondoka.

Sasa fungua skrubu za ubao huo, piga picha kila upande kabla hujagusa waya, uniletee pamoja na daftari la valvu. Alasiri nipo, isipokuwa Jumapili.