Mtu na Jitu

Katika lugha yetu pana silabi moja tu baina ya mtu na jitu. Tukiiondoa m- tukaweka ji-, yule aliyekuwa mwenzetu huwa ametoka katika safu ya wanaoamkiwa, akaingia katika safu ya wanaokimbiwa au kuuawa. Swali tunalotaka kulichungua hapa ni hili: ni nani mwenye haki ya kufanya badiliko hilo, na kwa ushahidi gani?

Tumelikuta swali hili likichambuliwa vizuri katika hadithi za Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Poland, ambaye mwaka 1986 alitoa katika gazeti la Fantastyka hadithi yake ya kwanza juu ya Geralt, mwindaji wa mazimwi. Dunia anayoichora imejaa viumbe wa masimulizi ya Waslavi: wenye mito, wenye misitu, na wafu watokao makaburini usiku. Geralt mwenyewe si mtu kamili machoni pa wengi, kwani utotoni alinyweshwa dawa za uchawi zilizombadili mwili. Wanakijiji humlipa aue, kisha humtemea mate. (Watu wa namna hiyo, wanaohitajiwa usiku na kukanwa mchana, hawakosekani popote.)

Katika hadithi hiyo ya kwanza, mfalme amezaa na dada yake wa damu. Mama na mtoto wakafa siku ya uzazi, wakazikwa pamoja, na baada ya miaka saba binti akatoka kaburini akila watu. Hapa hapana utata: watu wameliwa. Hata hivyo Geralt hakubali upesi kwamba dawa ya jitu ni upanga. Anauliza kwanza limezaliwaje. Alipoelewa kuwa ni laana, alijifungia ndani ya jeneza la binti hadi jogoo alipowika mara ya tatu, naye zimwi, kwa kukosa pa kurudi, akabaki msichana aliyelala sakafuni. Huruma hiyo nusura imtoe roho.

Yawezekana tukajibiwa kwamba huruma ya namna hiyo ni anasa ya mwenye upanga, na kwamba mkulima ambaye mwanawe ameliwa hana nafasi ya kuuliza nasaba ya zimwi. Jibu hilo lina uzito, wala hatulidharau. Sapkowski hasemi kuwa kila zimwi hupona. Mengi katika hadithi zake huuawa, na kwa haki. Lakini tuangalie neno hilo linapohamishwa kutoka kwa mla watu hadi kwa jirani. Katika dunia hiyo hiyo wamo elfi, waliojenga miji kabla binadamu hawajafika, na vibeti, wafua chuma na wachimba madini. Hawa hawali mtu. Wananyang'anywa ardhi, wanatengwa katika mitaa yao, wanachomewa nyumba. Baadhi ya elfi nao hukimbilia msituni wakaua binadamu yeyote wamkutaye, naye wamekwisha kumpa jina lake la dharau. Dhuluma haikuwafunza utu. Imewafunza silabi ile ile.

Mwishoni, katika mji wa Rivia, umati unawavamia vibeti. Geralt anaingia kati kuwatetea, na anayemchoma si zimwi lolote, ni kijana mwenye uma wa shambani.

Rivia haimo katika ramani. Kielce imo, nchini Poland. Tarehe 4 Julai, 1946, ilivuma habari kwamba mtoto wa miaka 8, aliyekuwa ametoweka kwao siku chache, alifungiwa na Wayahudi katika chumba cha chini ya nyumba yao. Uzushi wa kale kwamba Wayahudi huiba watoto wa Kikristo ulikuwa umekwisha kuandaa mioyo. Askari na raia wakaivamia nyumba, na Wayahudi zaidi ya 40, wengi wao walionusurika mauaji ya Wanazi, wakauawa. Hatudai kwamba Sapkowski aliandika habari za Kielce. Twasema tu kuwa nyumba ile haikuwa na chumba chochote cha chini.