Je, Mti Unaweza Kuwa Mwovu?

Mwaka 2006 mbuzi asiye na meno alifikishwa mahakamani Nairobi kama kielelezo. Wakazi wa Baringo walikuwa wameishtaki serikali kwa sababu ya mathenge, mti ulioletwa huko miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni.

Kuutambua si kazi. Vijani vyake vidogo hujipanga pande mbili za kikonyo kama unyoya, miiba hukaa miwili miwili, maua ya manjano huning'inia kwa vishada virefu, na maganda yake ni matamu. Utamu huo ndio balaa lenyewe: sukari huozesha meno ya mbuzi, nazo mbegu hupita tumboni salama na kuota popote kinyesi kinapodondoka. Nyasi zikazidiwa, njia za mifugo zikazibwa na miiba.

Sasa, Biblia inasema Mungu aliona kila alichokiumba kuwa chema sana, na Qurani inasema hakuumba mbingu na ardhi kwa mchezo. Mathenge tuuweke wapi?

Wataalamu wa nyanda za malisho wana jibu, na sidhani shehe au padri atalipinga. Kwao Amerika, mti huohuo una wadudu wanaokula mbegu zake. Waliouleta Baringo ni binadamu, tena kwa nia njema. Kuulaani mti ni kuwafutia wao hesabu yao. Wafugaji wale walilijua hilo: waliyemshtaki ni serikali.