Ligesi Ilipozidi Kipimo

Kamba nene ya nazi ikiwa ndefu utaikunja utakavyo. Kata shubiri moja uijaribu kuipiga pete: itakugomea. DNA nayo ndivyo ilivyo. Joto la maji huisukasuka bila kukoma, lakini kwa umbali wa nanomita 50 hivi, yaani jozi 150 za besi, bado inashika mwelekeo wake. Hesabu ya nyuzi za namna hii waliiandika Kratky na Porod mwaka 1949. Mwaka 1994 ililinganishwa na vipimo vya DNA ya kirusi lamda iliyovutwa molekuli moja moja, ikakaa sawasawa.

Mwaka 2004 Timothy Cloutier na Jonathan Widom wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakatoa habari ya kushtua. Vipande vya jozi 94, visivyofika hata nanomita 33, vilijipiga pete mara 100 hadi 10,000 zaidi ya ilivyotabiriwa. Wakasema nadharia mpya inahitajika, na wenye kuzitunga hawakukawia.

Sasa tazama kipimo chenyewe. Ncha za kipande hushikana, huachana, hushikana tena. Kimeng'enya cha ligesi kikizikuta zimeshikana, kinaziunga zisiachane tena. Kisha kasi ya kuungwa kwa pete hulinganishwa na ile ya vipande viwili kuungana kuwa kimoja. Ulinganisho huo ni halali pale tu ligesi inapokuwa chache, ncha zikapata kushikana na kuachana mara nyingi kabla ya kuungwa. Vipande viwili vilivyokutana havina mkazo, hukaa pamoja. Ligesi ikijaa, karibu kila jozi ya vipande vilivyokutana inaungwa, na kuongeza ligesi hakuleti tofauti. Pete imekazwa, ncha zake huachana upesi, kwa hiyo yenyewe huzidi kunufaika na kila tone. Uwiano unavimba, DNA inaonekana laini kuliko ilivyo.

Mwaka 2005 Quan Du, Alexander Vologodskii na wenzao wakapunguza ligesi. Hesabu ya zamani ikasimama tena. Widom simlaumu sana. Ninaowashangaa ni waliokimbilia nadharia kabla ya kuuliza ligesi ilikuwa kiasi gani.

Lakini mwaka 2012 Reza Vafabakhsh na Taekjip Ha walipima bila ligesi kabisa, kwa kufuatilia rangi zinazong'aa zilizopachikwa kwenye DNA. Vipande vya chini ya jozi 100 vikajikunja tena kwa wepesi usiotarajiwa. Mabishano yakafunguka upya, na safari hii hakuna aliyeweza kuisingizia ligesi.