Je, Mateso Humfunza Mtu?

Nilipoanza kusoma Hadithi za Kolyma za Varlam Shalamov nilikuwa na jibu tayari. Tumelelewa kuamini kwamba taabu humkomaza mtu, na nilitarajia kitabu kinithibitishie hilo. Shalamov alikamatwa mara ya pili mwaka 1937, enzi ya Stalin, akapelekwa Kolyma, kaskazini-mashariki ya mbali ya Urusi, kuchimba dhahabu. Mwaka 1943 aliongezewa miaka 10. Miongoni mwa makosa yake ni kumsifu Ivan Bunin, aliyeihama nchi, kuwa mwandishi mkubwa wa Kirusi.

Nilisubiri ukurasa ambao angesema amejifunza kitu. Haukuja. Anaeleza jinsi wafungwa, ambao hawakuonyeshwa kipimajoto, walivyokadiria baridi kwa kusikiliza pumzi zao na kutema mate waone kama yataganda hewani. Katika hadithi moja mtu aliyekaribia kufa anaanza kurudiwa na hisia. Hasira ilikuwa haijamtoka. Nyingine zinarudi moja moja, na huruma kwa wanyama inatangulia huruma kwa binadamu. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Shalamov alishikilia kwamba kambi ni shule ya ubaya mtupu. Solzhenitsyn, aliyefungwa miaka 8, alimbishia waziwazi: yeye gereza liliamsha roho yake, akalishukuru. Hata hivyo (na hili humpa heshima) anakiri kwamba waliozikwa huko wangeweza kumjibu kuwa ni rahisi kusema hivyo kwa aliyetoka hai. Darasani wengi tulimwunga mkono Solzhenitsyn. Ni faraja kubwa kufikiri hivyo. Lakini Shalamov mwenyewe alipona kwa sababu mwaka 1946 daktari mmoja alimwombea nafasi ya kusomea uuguzi kambini. Wangapi walikuwa na moyo thabiti kuliko wake, wakakosa daktari?

Mjomba wangu aliwekwa kizuizini kabla sijazaliwa. Kila sikukuu kuna mtu humwambia, “Mungu alikupitisha humo kwa sababu.” Hata mimi nimewahi kumwambia. Sasa naona tulikuwa tunamdai: maumivu yake yawe na faida, ili sisi tulale. Na aliyemfunga akitusikia, si atasema tumshukuru? Solzhenitsyn alikuwa na haki ya kulishukuru gereza lake. Haki hiyo haikuwa yangu juu ya gereza la mjomba.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia. Akaniuliza ninasoma nini, nikamweleza habari ya mate na baridi.

“Sisi, mwanangu,” akasema, “tulihesabu sahani za asubuhi, tukajua wangapi wameondolewa usiku.”

Sikumwambia neno. Baadaye akaniuliza mitihani inaanza lini.